Foleni ya Aizu: kwa nini Sigma haiitengenezei tena M43 lenzi mpya

Oktoba 2021 Sigma, kampuni ya lenzi ya Japani, walitoa lenzi ndogo ya zumu iliyowafanya wapiga picha wengi waanze kuuza walizokuwa nazo: 18-50mm f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi), gramu 290, inakaa kwenye mfuko wa koti, na bei yake haikulazimu mtu auze pikipiki. Ilianza na maunti mbili (maunti ni pete inayofunga lenzi kwenye kamera, na kila mfumo una yake), E ya Sony na L. Mwaka uliofuata wakaongeza X ya Fujifilm. Mwaka 2024 ikawafikia wa Canon RF. Wenye kamera za Micro Four Thirds, mfumo ambao wengi tunauandika M43 kwa mkato, walikuwa kituoni muda wote huo. Daladala imepita mara tatu, mara zote imejaa.

Ndipo linaporudi lile swali la kila mwaka: M43 imekufa? Mimi naliona ni swali bovu. Mfumo wa kamera hukauka kama mwembe mzee. Tawi hili limekatika, lile limedumaa, na jingine bado linaangusha maembe. Anayetaka kujua kama atakula lazima aulize habari za tawi, asiulize habari za mti.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2003 Olympus walitoa kamera yao ya E-1 kwa mfumo wa Four Thirds waliouasisi pamoja na Kodak. Ilikuwa kamera ya kioo cha kuakisi picha hadi kwenye jicho la mpigaji, kama DSLR nyingine zote, ila sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu, ilikuwa ndogo. Agosti 2008 Olympus na Panasonic wakatangaza toleo jipya la mfumo huo: sensa ni ile ile ya milimita 17.3 kwa 13, lakini kioo kimetolewa. Kioo kilipoondoka, umbali kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye sensa ulishuka kutoka milimita 38.67 hadi 19.25, na kamera ikanywea. Panasonic G1 ilitoka mwisho wa mwaka huo, ikawa ya kwanza katika kizazi hiki cha kamera zisizo na kioo ambacho leo kila mtu anakitumia. Olympus E-P1 ilifuata 2009. Mwaka huo huo Panasonic walileta 20mm f/1.7, gramu 100 tu, nyembamba kama andazi lililokaliwa, na wengi waliipenda M43 kwa sababu ya lenzi hiyo moja.

Kumbuka hali ya soko wakati ule. Sony walianza safari ya E mwaka 2010. Fujifilm X na Canon EF-M zilikuja 2012. Canon na Nikon, wakubwa wa mji, walikuwa bado wamekumbatia kioo. Kwa hiyo mtengenezaji wa lenzi aliyetaka kuingia kwenye kamera zisizo na kioo alikuta milango michache iliyokuwa wazi, na wa kwanza ulikuwa wa watu wawili walioandika kanuni za mfumo wao na kuwakaribisha wengine wajiunge. Sigma waliingia. Tamron waliingia. Cosina, wenye jina la Voigtländer, waliingia na 25mm f/0.95 mwaka 2010, chombo kizito cha chuma kinachozungushwa kwa mkono, na wapiga video wakakipokea kama mgeni aliyekuja na mchele.

Sigma ndio wanaofaa kufuatwa zaidi, maana mwenendo wao unaeleza mwenendo wa soko zima. Mwaka 2012 na 2013 walitoa 19mm, 30mm na 60mm, zote f/2.8, kwa M43 na Sony E. Zikauzwa. Kisha 2016 ikaja 30mm f/1.4, 2017 ikaja 16mm f/1.4, na 2018 ikaja 56mm f/1.4. Utatu huu ndio uliokuwa zawadi yao kubwa kwa M43. Ile 56mm, kwa mfano, kwenye M43 inatazama kama 112mm ya fulfremu (kamera zenye sensa kubwa, sawa na filamu ya zamani), ni lenzi ya uso wa mtu, na ina gramu 280 tu. Kisha kimya. Zumu ya 18-50 haikuja. Ile 10-18mm f/2.8 ya 2023 haikuja. 23mm f/1.4 ya mwaka huo huo haikuja. Hakuna tangazo la kuaga lililotolewa. Ule utatu umebaki kwenye orodha na mpya hazina maunti hiyo, basi.

Sababu ya kwanza ni kiwanda. Lenzi zote za Sigma hutengenezwa Aizu, mkoa wa Fukushima, Japani. Ni kampuni ya familia yenye kiwanda kimoja, na wanajivunia hilo. Sasa fikiria fundi cherehani wiki ya mwisho ya Ramadhani. Ana cherehani zake zile zile na mikono yake ile ile. Mteja wa zamani anayeleta suruali moja kupunguzwa kiuno hakosani na fundi, ila mbele yake wamesimama watu wanne, kila mmoja na vitambaa vya familia nzima.

Wateja hao wanne wana majina. Mwaka 2018 Nikon walileta maunti ya Z na Canon wakaleta RF, na mwaka huo huo Leica, Panasonic na Sigma wenyewe wakaunda umoja wa maunti ya L. Kwa miaka ya mwanzo Nikon na Canon walifunga milango yao. Halafu milango ikaanza kufunguliwa mmoja baada ya mwingine: Fujifilm X ikapokea Tamron 2021 na Sigma 2022, Nikon Z ikapokea Tamron 2022 na ule utatu wa Sigma 2023, na Aprili 2024 Canon RF ikawaruhusu wote wawili kwa lenzi za APS-C, yaani za sensa ya ukubwa wa kati, ndogo kuliko fulfremu. Kila mlango uliofunguka uliweka mteja mpya mbele ya M43. Watu husema fulfremu ndiyo iliyoiua M43 kwa watengenezaji wa lenzi. Mimi nadhani aliyeisukuma nyuma ya foleni ni jirani yake wa APS-C. Sensa ya APS-C haijapishana sana na ya M43 kwa ukubwa, bei za wateja wake zinafanana, na lenzi moja iliyochorwa kwa ajili yake inauzwa kwa Sony, Fujifilm, Nikon na Canon kwa mpigo.

Mtu atauliza: kama mchoro wa lenzi upo tayari, si ni kubadilisha pete ya nyuma tu? Laiti ingekuwa hivyo. Lenzi ya otofokasi, inayojilenga yenyewe, huongea na kamera mara nyingi kila sekunde, na kila maunti ina lugha yake. Mtengenezaji anapaswa kuandika programu ya lugha hiyo, kujaribu lenzi kwenye kila kamera inayotumia maunti hiyo, na kurudia kila kamera mpya inapotoka, kwa miaka kumi ijayo. Kisha kuna boksi jingine, akiba nyingine ghalani, na duka linalolazimika kuweka kipande ambacho huenda kikakaa rafuni miezi sita. Kubali maunti moja, umekubali kulea mtoto.

Na keki yenyewe imepungua. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera wa Japani, zinaonyesha kamera za dijiti zilizosafirishwa mwaka 2010 zilikuwa zaidi ya milioni 121. Mwaka 2023 zilikuwa takriban milioni 7.7, na 2024 zikapanda hadi kama milioni 8.5. Simu zilikula zile ndogo za mfukoni. Waliobaki wananunua kamera za bei juu na lenzi za bei juu, na pesa hiyo kwa sehemu kubwa iko kwenye fulfremu.

Sababu ya pili haisemwi sana, nayo ni ya kitaalamu. Hebu iweke ile 18-50 kwenye M43 kwa kufikirika. Sensa ya M43 ni nusu ya fulfremu kwa mshazari, kwa hiyo pembe ya kutazama inabanwa mara mbili, na 18-50 inakuwa kama 36-100 (namba ikiwa ndogo, pembe ni pana). Hiyo 36 haitoshi kwa sebule ya Mwananyamala yenye watu ishirini na keki katikati. Panasonic tayari walikuwa na 12-35mm f/2.8 tangu 2012, na Olympus 12-40mm f/2.8 tangu 2013, zote zikianzia pembe ya 24. Nani angeacha hizo akanunua inayoanzia 36? Wale waliokuwa wakisubiri daladala kituoni, wengi wangeikuta, wangeangalia kibao cha njia, wakairudisha. Lenzi za fokasi moja, zisizo zumu, husamehe jambo hili, maana 16, 30 na 56 zinaangukia mahali pazuri kwenye mifumo yote miwili. Zumu za APS-C hazisamehi. (Ile 10-18 ingefaa, nakubali. Ingekuwa 20-36, na mimi ningekuwa wa kwanza dukani.)

Kuna pia kioo cha mbele ya sensa. Kila sensa imefunikwa na tabaka za vioo vya kuchuja, na kwenye M43 tabaka hizo zina unene wa karibu milimita 4, wakati za Sony ni kama nusu yake. Mwanga unaopita kwenye kioo kinene kwa pembe ya mshazari hupinda, kwa hiyo lenzi yenye tundu kubwa iliyochorwa kwa kioo chembamba inaweza kuharibika pembeni mwa picha ikihamishiwa kwenye kinene. Juu ya hayo, pikseli milioni 20 zilizobanwa kwenye sensa ya M43 zina msongamano sawa na fulfremu ya milioni 80. Lenzi inayoonekana kali sana kwenye kamera kubwa hukaguliwa huku kwa miwani ya kusomea. Kuhamisha mchoro, kwa hiyo, si kazi ya bure.

Nimesema ndogo, ndogo, na huenda msomaji amekwishaniuliza moyoni: mbona basi hao wenye M43 hawaachi? Kwa kawaida tunajibu "uzito". Jibu hilo lina ukweli, lakini limetumika kupita kiasi.

Chukua Olympus 300mm f/4 ya 2016. Pembe yake ni ya 600mm, na pamoja na shingo ya tripodi ina gramu 1,475. Wenye fulfremu walitaniwa miaka mingi kwa sababu 600mm f/4 yao ina kilo 3. Halafu 2023 Nikon wakaleta 600mm f/6.3 yenye kioo maalumu cha kupunguza uzito. Gramu zake pamoja na shingo ni 1,470. Utani ukaisha siku hiyo. Tena ukipiga hesabu ya upana wa mwanga unaoingia, 300 gawanya kwa 4 ni milimita 75, na 600 gawanya kwa 6.3 ni milimita 95. Nikon inameza mwanga zaidi kwa uzito ule ule. Hapo ndipo unapoona kwamba lenzi ndefu inapata uzito wake kutokana na upana wa kioo cha mbele, na sensa ina mchango mdogo kuliko tulivyokuwa tukijisifia. Mwanga ni kama mvua, na sensa ni ndoo: mvua moja ikinyesha kwa kasi ile ile, ndoo yenye mdomo mpana mara nne hukusanya maji mara nne, na ndiyo maana picha ya usiku ya M43 huanza chenga mapema. Anayetaka maji mengi kwenye ndoo nyembamba lazima anunue faneli kubwa, na faneli kubwa ina uzito wake.

Kilichobaki upande wa M43 ni bei: ile Olympus ilitoka kwa dola 2,499, ile Nikon kwa dola 4,799. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayehesabu kwa shilingi.

Sasa matawi yanayozaa. La kwanza ni la wenye mfumo wenyewe. Olympus waliuza kitengo chao cha kamera kwa kampuni ya uwekezaji ya Japan Industrial Partners, na tangu Januari 2021 kampuni inaitwa OM Digital Solutions, na jina la bidhaa ni OM SYSTEM. Wengi walitabiri mazishi. Badala yake wale mabwana wakachagua pori. Walitoa 150-400mm f/4.5 yenye kikuzaji ndani yake, dola 7,500, na watu wakasubiri miezi kuipata. Mwaka 2023 wakatoa 90mm f/3.5 ya wadudu na maua, inayokuza mara mbili ya ukubwa halisi, gramu 453. Hapa sensa ndogo ni baraka kabisa, kwa sababu eneo linaloonekana kali ni refu zaidi, na nyuki anaonekana tangu macho hadi mbawa. Mwaka 2025 ikaja 50-200mm f/2.8, nayo inatazama kama 100-400. Kamera yao ya OM-1 imethibitishwa kwa kiwango cha IP53 dhidi ya vumbi na matone ya mvua. Unaona wanamtengenezea nani. Ni mtu wa ndege na wadudu, mtu anayetembea kwa miguu, mtu anayepanda ndege ndogo kwenda Serengeti au Maasai Mara ambako kawaida huruhusiwi zaidi ya kilo 15, begi laini, na kamera imo humo humo kwenye hesabu.

Ila pori hilo lina mwiba. Mwaka 2024 OM SYSTEM walitoa 150-600mm yenye kilo zaidi ya mbili. Yeyote aliyeweka mchoro wake karibu na mchoro wa Sigma 150-600mm ya fulfremu, ya 2021, aliona ndugu wa tumbo moja: vioo 25 kwenye makundi 15, hapa na pale. Jina la Sigma halimo kwenye lenzi hiyo. Ile ya Sigma ilitoka kwa dola 1,499, hii kwa dola 2,699. Watu walilalama sana, nami sikushangaa. Lakini tofauti hiyo ya bei inatuambia jambo ambalo hakuna msemaji wa kampuni atakayelisema: zinatengenezwa chache, kazi ya kuiunganisha na mtuliza-mtikisiko wa kamera imefanywa na kampuni ndogo, na gharama imegawanywa kwa vichwa vichache. Kama mchoro ule umetoka Aizu, basi Sigma hawajaondoka moja kwa moja. Wanaingia kwa mlango wa jikoni, na mwenye nyumba ndiye anayebeba hatari ya mauzo. Nadhani njia hii ndiyo tutakayoiona zaidi.

Panasonic ni habari nyingine. Tangu 2019 wana nyumba mbili, M43 na fulfremu ya L, na mwenye wake wawili anajua akiba inavyogawanyika. Kamera mpya hawakuacha: G9 II ya 2023 na GH7 ya 2024 ndizo zilizoleta kwa Lumix (jina la kamera zao) ya M43 otofokasi ya kisasa inayopima tofauti za awamu, kitu ambacho wapiga video walikililia miaka. Na kwa lenzi hilo lina maana, kwa kuwa otofokasi yao ya zamani ilifanya vizuri hasa na lenzi zao wenyewe, na lenzi za wengine ziliyumba kwenye video. Kamera iliyoponya ugonjwa huo imezifufua lenzi za miaka kumi iliyopita bila mtu kutengeneza hata moja mpya. Lakini itazame G9 II yenyewe. Mwili wake ni ule ule wa S5 II ya fulfremu, gramu 658 kwa 740. Unapoinunua unapata mfumo mdogo ndani ya nguo za kaka yake.

Wakubwa hawa wawili pia hawajawahi kukaa meza moja kikamilifu. Ule utulizaji wa mtikisiko unaounganisha lenzi na kamera hufanya kazi kwa ukamilifu wake ukiwa na lenzi na kamera za kampuni moja, na kasi za juu kabisa za picha mfululizo za OM-1 ni za lenzi chache za nyumbani. Lenzi ya kampuni ya tatu huingia ikiwa na viti vya nyuma. Huwezi kumlaumu Sigma kwa kutokimbilia sherehe ya namna hiyo.

Tawi la pili ni la lenzi za mkono, zinazolengwa kwa kuzungusha pete bila otofokasi, na huko kuna shamrashamra. Venus Optics wa China, wenye jina la Laowa, walitoa 7.5mm f/2 mwaka 2017, kitu cha kushika kwa vidole viwili, kisha 10mm f/2, kisha 50mm ya kukuza mara mbili, kisha 6mm f/2. Cosina walifika hadi 29mm f/0.8. Chini yao wapo 7Artisans, TTArtisan, Meike na wenzao, wenye lenzi za bei ya simu ya kati. Kwa nini hawa hawaogopi foleni? Kwa sababu lenzi ya mkono haina lugha ya kujifunza. Nyingi hazina hata waya mmoja ndani. Pete ya nyuma hapo kweli ni pete tu, na kuongeza M43 kwenye orodha ya maunti ni suala la chuma na skrubu. Duara la picha linalohitajika ni la milimita 21.6 tu, kwa hiyo hata kioo chenyewe ni kidogo. Biashara yao itaendelea hata M43 ikibaki na wateja nusu ya wa leo.

Video ndiyo iliyolisha tawi hili. Panasonic GH4 ya 2014 ilikuwa ya kwanza katika aina yake kurekodi 4K ndani ya kamera yenyewe. Mwaka 2018 Blackmagic, watengenezaji wa kamera za filamu, wakatoa Pocket 4K kwa maunti ya M43, na vijana wengi wa filamu duniani waliingia sinema kwa mlango huo. Kamera zao za studio za 4K bado zina maunti hiyo. Lakini hapa pia jani linageuka: kamera yao ya fulfremu ya 2023 ina maunti ya L, na DJI, waliokuwa wakifunga lenzi za M43 kwenye kamera za droni zao tangu 2015, walianza kutumia maunti yao wenyewe 2017, kisha wakahamia fulfremu.

Ukitaka kuona kifo halisi cha mfumo mdogo, tazama Nikon 1. Ilizaliwa 2011 na ikazikwa 2018, na kwa kuwa maunti ilikuwa ya kampuni moja iliyojifungia, lenzi zake zilibaki yatima siku ile ile. Canon EF-M ilipata hata utatu wa Sigma mwaka 2019, na bado Canon walipoamua kwenda RF hakuna wa kuwazuia. M43 ina wenye nyumba wawili. Mmoja akihama, mwingine bado anahitaji lenzi, na lenzi za yule wa kwanza zinaendelea kufunga na kupiga. Hilo limekwisha kujaribiwa, kwa sababu Olympus amehama kweli, na lenzi yake ya 2013 leo inafungwa kwenye GH7 bila adapta.

Kwa hiyo mtu anayeniuliza kama anunue M43 mwaka huu simpi jibu la mti. Namuuliza anapiga nini. Akisema harusi za usiku ukumbini, na anataka bibi harusi ang'ae huku nyuma kumeyeyuka kama samli, namwelekeza kwingine, kwa kuwa f/2.8 ya M43 inayeyusha nyuma kama f/5.6 ya fulfremu, na hakuna anayemchorea lenzi mpya ya kuziba pengo hilo. Akisema ndege, wadudu, mlima, au video ya kushika mkononi mchana kutwa, namwambia lenzi anayoihitaji ipo tayari, huenda ipo tangu miaka kumi iliyopita, na ya mtumba imeshuka bei kwa sababu waliokuwa nayo walikimbilia ile 18-50 ya Sigma. Akisema atanunua sasa kisha asubiri lenzi fulani itangazwe, namshauri asisubiri. Anunue kilichopo rafuni au asinunue. Zumu ya Tamron ya M43, 14-150mm, ilitoka 2014. Waliokaa kungoja ya pili bado wamekaa.

Mimi mwenyewe nimeacha kutazama matangazo ya Sigma. Natazama sensa. OM-1 ya 2022, OM-1 Mark II ya 2024 na OM-3 ya 2025 zote zina sensa ya tabaka ya pikseli milioni 20 ya kizazi kile kile. G9 II na GH7 nazo zinagawana moja ya milioni 25. Mtengenezaji wa lenzi anayeamua leo aichoree M43 lenzi ya miaka minne ijayo anaitazama tarehe ya sensa hizo kabla hajatazama mauzo: ile 50-200mm ya 2025 imezaliwa kufungwa kwenye kamera ambayo jicho lake ni la 2022.